Paka hatoki nje, yuko ghorofa ya nne: hizi chanjo zote ni za nini, na zipangwe vipi?

#1 Nyaboke_Kasarani
Hamjambo wadau. Nina kipaka, jike, wiki 9 sasa. Nilipewa na rafiki wa Zimmerman baada ya panya kujifanya wapangaji wenzangu. Tuko ghorofa ya nne, balkoni ina wavu, hatoki hata mlangoni.

Kliniki ya kwanza wamesema adungwe ile ya tatu-kwa-moja sasa, arudi baada ya wiki tatu, basi imeisha, halafu kila mwaka mpaka azeeke. Kliniki ya pili, wala si mbali na ile, wamesema sasa, kisha kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, ya kichaa cha mbwa iingie hapo katikati, nyingine akiwa na miezi sita, halafu tatu-kwa-moja ipumzike miaka mitatu. Jirani yangu naye anasema paka wa ndani hahitaji chochote, huo ni mradi wa watu kuomoka.

Nani anasema ukweli? Nataka kujua nitenge pesa lini na lini. Mshahara wangu hautaki kushtuliwa.

#2 Mzee_wa_Buru
Nimefuga paka Buruburu tangu miaka ya themanini na sijawahi kuona paka akidungwa sindano. Mpe maziwa na omena, mengine mwachie Mungu.

#3 Zuwena_Isli
Shikamoo mzee. Na hao wa themanini walifikisha miaka mingapi kila mmoja? Kwetu pia tulifuga bila chanjo, ila nikikumbuka vizuri kila baada ya muda tulikuwa na paka mpya na jina lile lile.

#4 Mzee_wa_Buru
Marahaba. Paka hana kitambulisho, akipotea amepotea.

#5 PakaShume
Mzee, na maziwa uyaache. Paka wengi wakishakua hawawezi kuyasaga, wanaharisha tu. Omena sawa.

#6 Sindano_Kabete
Nafanya kazi kliniki ya wanyama wadogo. Si daktari, ni msaidizi, kwa hivyo yangu yachukueni kama ya msaidizi.

Nyaboke, hakuna kliniki iliyokudanganya hapo. Ya kwanza inasoma karatasi iliyo ndani ya paketi ya chanjo. Ya pili inafuata mwongozo wa WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, uliotolewa upya 2024.

Tatu-kwa-moja inakinga panlukopenia, ambayo ndiyo muuaji mkubwa wa vipaka, pamoja na herpesi ya paka na kalisi, ambazo ndizo huleta yale mafua ya macho kufunga na vidonda vya ulimi. Hizo ni za kila paka. Hapa kwetu kichaa kinaingia orodha hiyo hiyo kwa sababu ugonjwa upo nchini.

Ugomvi wote wa wiki 12 au wiki 16 unatoka kwa mama yake. Kipaka hunyonya kingamwili ndani ya maziwa ya kwanza, na hizo kingamwili ni kama soja wa ploti asiyejua mgeni na mwizi: virusi vya ugonjwa vinafukuzwa, na virusi vilivyofifishwa vya chanjo navyo vinafukuzwa. Chanjo inaingia mwilini na kuondoka bila kumfundisha kipaka kitu. Kinga ya mama hupungua polepole, na kila kipaka na siku yake. Mmoja imemwisha wiki ya 8, mwingine bado anayo wiki ya 14. Ukimtazama huwezi kujua. Ndiyo maana dozi zinarudiwa: unatafuta ile siku mlango uko wazi. Ile ya wiki 16 ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu kufikia hapo vipaka wengi sana mlango umefunguka.

Ya miezi sita ni ya wale wachache waliobaki. Zamani ilingojewa mwaka mzima, siku hizi inashauriwa isogezwe huku wiki ya 26 ili asikae miezi mingi bila kinga huku wewe umetulia ukijua kadi imejaa.

#7 Nyaboke_Kasarani
Asante sana Sindano. Kumbe kliniki ya pili haikuwa inaniongezea bili.

#8 Jirani_Mnoma
Ilikuwa inakuongezea bili PIA. Haya mambo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

#9 Otis_SouthB
Sasa nielezeni hii. Mwaka jana nilikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Ugali na Jabali. Wote walidungwa tatu-kwa-moja wiki ya 8 na wiki ya 11, siku moja, meza moja, daktari mmoja. Kadi ninazo. Paka wa ndani kabisa, hata ngazi hawazijui.

Ugali akiwa anaelekea miezi minne akaanza kutapika povu la manjano. Akawa anakaa mbele ya bakuli la maji, kichwa kimeinamia maji, pua karibu iguse, lakini hanywi. Tulimpima damu, chembe nyeupe zilikuwa karibu hakuna. Akatundikiwa maji. Usiku wa pili akaenda. Jabali hakupiga hata chafya, yuko hapa ananitafunia chaja.

Nilienda kuuliza pale nilipowachanja, nikaambiwa "chanjo si asilimia mia". Basi. Sijataja kliniki na sitataja, msiniulize inboksi.

#10 Zuwena_Isli
Pole sana kakangu. Hiyo ya kuinamia maji nimeiona kwa paka wa mamangu mdogo, ni hiyo hiyo panlukopenia.

#11 Sindano_Kabete
Pole Otis. Dozi ya mwisho ilikuwa wiki ya 11, na hapo ndipo ninapoangalia mimi. Ndugu wa tumbo moja hawanyonyi sawa. Mwenye nguvu hushika chuchu nzuri saa za kwanza na kupata kingamwili nyingi, zikakaa muda mrefu. Inawezekana Ugali ndiye aliyenyonya vizuri, kinga ya mama ikazifukuza dozi zote mbili, kisha ikaisha wiki ya 13 au 14 akabaki uchi. Jabali aliyenyonya kidogo akashika chanjo ya wiki ya 8 au ya 11.

#12 Otis_SouthB
Ugali alikuwa mnono kweli. Jabali ndiye alikuwa mwembamba.

#13 Dawa_na_Friji
Kabla hamjafunga kesi. Mimi niko upande wa kusambaza dawa za mifugo na naomba tuongee kuhusu friji. Hizi chanjo zinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, kutoka kiwandani, ndegeni, stoo, gari, mpaka kwenye sindano. Zikipata joto virusi vilivyofifishwa vinakufa na unadunga maji ya bei ghali. Zikiganda nazo, hasa zile za virusi vilivyouawa kama ya kichaa, zinaharibika. Nimewahi kuona chanjo imebebwa ndani ya mfuko wa karatasi kwenye matatu ya Rongai, saa saba mchana, na mwenye kuibeba amekaa upande wa jua. Nimeona friji ya agroveti yenye chanjo, soda na chakula cha mchana cha mwenye duka, mlango unafunguliwa kila dakika. Stima ikipotea wikendi nzima, Jumatatu nani atakwambia?

Otis, walikuwa na kipimajoto kwenye friji? Uliangalia?

#14 Otis_SouthB
Nani huangalia friji ya daktari jamani. Lakini kama friji ilikuwa mbovu, Jabali alipona na nini?

#15 Dawa_na_Friji
Labda Jabali hakukutana na kirusi kwa wingi ule. Au chupa yake ilikuwa ya paketi nyingine. Vibandiko kwenye kadi vina namba za toleo, linganisha.

#16 Otis_SouthB
Nimeangalia sasa hivi. Kadi ya Jabali ina vibandiko viwili. Ya Ugali ina kimoja, dozi ya pili imeandikwa kwa kalamu tu na sahihi.

#17 PakaShume
Eeeh.

#18 Mkurugenzi_wa_Panya
Jabali alikula dozi ya Ugali. Uzi umeisha, kila mtu aende akalale.

#19 Jirani_Mnoma
Au chupa moja iligawanywa kwa paka wawili. "Wadogo hawa, nusu nusu inatosha." Nimeisikia hiyo kwa masikio yangu, mahali pengine.

#20 Sindano_Kabete
Tusimhukumu mtu kwa kibandiko. Vibandiko huanguka, vinabanduliwa na kubandikwa kwenye faili badala ya kadi, siku ina wagonjwa wengi. Lakini kuhusu kugawanya, Jirani yuko sawa kabisa: dozi haipunguzwi kwa sababu paka ni mdogo. Kipaka wa nusu kilo na dume la kilo sita wanapata chupa nzima kila mmoja.

Na hii ni kwa wote. Mnaruhusiwa kusimama karibu mkiangalia. Tatu-kwa-moja ya virusi hai huja kwa vichupa viwili: kimoja kina kidonge cha unga kilichoshikana chini ya chupa, kingine kina maji. Daktari anavuta maji kwa sindano, anayaingiza kwenye unga, anaviringisha chupa kidogo mpaka uyeyuke, kisha anadunga hapo hapo. Ukikuta sindano tayari imejazwa inakungoja kwenye trei tangu asubuhi, uliza imechanganywa saa ngapi, maana ikishachanganywa haina muda mrefu. Halafu kibandiko kitoke kwenye chupa kiende kwenye kadi mbele ya macho yako.

#21 Mwalimu_Wafula
Naongeza uwezekano mwingine ambao hamjautaja. Nani alithibitisha ni panlukopenia? Chembe nyeupe kushuka kunaweza kuletwa na maambukizi makali ya bakteria, na hata lukemia ya paka huharibu damu. Na South B kwenye vyumba vya chini sumu ya panya imejaa. Otis, alipimwa choo?

#22 Otis_SouthB
Alipimwa kwa kile kipimo cha parvo ya mbwa. Kikatoa mstari hafifu.

#23 Mwalimu_Wafula
Kipimo cha mbwa kwa paka? Ndiyo mambo hayo sasa.

#24 Sindano_Kabete
Hapo Mwalimu umeruka. Kirusi cha panlukopenia na parvo ya mbwa ni jamaa wa karibu sana, hata parvo ya mbwa inaaminika ilitokana na kirusi cha aina ya hiki cha paka miaka ya 1970. Kipimo cha mbwa hukamata cha paka, kliniki nyingi duniani hutumia hicho. Taabu yake ni kwamba kinaweza pia kuonyesha mstari hafifu siku chache baada ya chanjo hai. Ila Ugali alikuwa wiki kadhaa baada ya dozi, kwa hivyo mstari ule una maana.

#25 Mwalimu_Wafula
Sawa kwa kipimo. Lakini "una maana" si "imethibitishwa". Nabaki nilipo.

#26 Shangazi_Njoki
Na kirusi kilipanda ghorofani na nani kama paka hawatoki? Hakuna mtu amejibu hilo.

#27 Zuwena_Isli
Viatu, shangazi. Panlukopenia hukaa kwenye mazingira mpaka mwaka mzima, haijali sabuni ya kawaida wala dawa nyingi za kupigia deki. Unakanyaga pale paka wa mtaa aliharisha, unapanda nacho hadi kwenye zulia. Inayokiua ni dawa ya kuweupisha nguo, ile ya klorini, kipimo kimoja kwa maji 32, sakafu ikishaoshwa uchafu kwanza na ikae dakika kumi. Nyaboke mwambie jirani yako hivyo: paka hatoki, lakini wewe unatoka kila siku na kurudi.

#28 Otis_SouthB
Kuna paka watatu wa basement kwetu na mmoja alikufa mwezi ule ule. Sikuwahi kuunganisha.

#29 Mkurugenzi_wa_Panya
Kufikia sasa tuna: maziwa ya mama, friji, nusu dozi, kibandiko, sumu ya panya, viatu. Bado jicho la jirani.

#30 Jirani_Mnoma
Mimi sihusiki.

#31 Kiprono_Ruaka
Samahani nachelewa. Tukirudi kwa mwenye uzi, hii ya kila mwaka au kila miaka mitatu mbona imeachwa hewani? Wangu ana miaka sita na kila Februari napigiwa simu nilete. Nalipa elfu tatu na kitu nikijumlisha na dawa ya minyoo.

#32 Mwalimu_Wafula
Kinga ya panlukopenia ikishashika haiondoki haraka. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999, waliwafuatilia paka waliochanjwa wakiwa wadogo kwa miaka saba na nusu bila kuwarudia, kisha wakawapa virusi. Panlukopenia haikuwapata. Kwa hivyo kudunga hiyo kila Februari ni kumwagia maji ndoo iliyojaa.

#33 Dawa_na_Friji
Soma utafiti huo huo mpaka mwisho mwalimu. Upande wa herpesi na kalisi kinga ilikuwa imepungua, walipata mafua, ingawa si makali kama wale ambao hawakuchanjwa. Na hizo mbili hata ukiwa umechanjwa juzi chanjo haizuii kuambukizwa, inapunguza makali. Kalisi nayo ina aina nyingi, chanjo haizijui zote.

#34 Sindano_Kabete
Mwongozo unaenda hivi: paka wa peke yake, hatoki, haendi kulazwa hotelini kwa paka, tatu-kwa-moja si zaidi ya mara moja kila miaka mitatu. Paka anayeenda kulala kwa wengine, au anayeishi na wenzake wengi wanaoingia na kutoka, sehemu ya mafua irudiwe kila mwaka, na ikiwezekana iwe kabla tu ya kumpeleka. Kiprono, Disemba ukienda ushago paka humwacha wapi?

#35 Kiprono_Ruaka
Humpeleka nyumba moja ya kulelea paka, wanakuwa kumi au kumi na tano mle. Na hawapokei bila kadi ya mwaka huo.

#36 Sindano_Kabete
Basi mpango wako uhamie Novemba. Februari inamsaidia nani?

#37 Kiprono_Ruaka
Wueh. Miaka sita.

#38 Mama_Tiffany
Mnaongea sindano sindano, hamjaogopa kansa? Nimesoma paka hupata uvimbe wa kansa pale alipodungwa. Mimi nilimsimamishia wangu zote.

#39 Sindano_Kabete
Upo, mama, hausemwi uongo. Ulianza kuandikwa Marekani 1991. Lakini ni nadra: makadirio mengi ni mmoja kati ya paka elfu kumi au hata wachache kuliko hapo. Panlukopenia kwa kipaka asiye na kinga haina unadra huo.

Kinachofanywa ni kudunga chini mguuni, au mkiani, badala ya katikati ya mabega, ili ikitokea mguu ukatwe paka abaki. Na baada ya chanjo pima uvimbe kwa kidole: ukikaa zaidi ya miezi mitatu, au ukipita sentimita mbili, au ukiendelea kukua mwezi mmoja baada ya sindano, unakatwa kipande na kupelekwa maabara. Kauvimbe kadogo ka wiki mbili tatu huisha kenyewe.

#40 Mama_Tiffany
Mkiani? Atakubali nani kumshika Tiffany mkia? Nitafikiria. Sijasema nimekubali.

#41 PakaShume
Kichaa mmekiruka. Kuna daktari alitaka kumdunga wangu kichaa akiwa wiki 6, pamoja na ya kwanza, "tumalize".

#42 Zuwena_Isli
Kichaa ni kuanzia wiki 12. Halafu tena baada ya mwaka, halafu kulingana na chanjo yenyewe imeandikwa mwaka mmoja au mitatu.

#43 Mzee_wa_Buru
Kichaa ni cha mbwa, jina lake linasema.

#44 Sindano_Kabete
Mzee, karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa, kama 99 kwa mia, huanzia kwa mbwa, hapo una haki. Lakini paka anaumwa na mbwa huyo huyo, kisha anamuuma mtoto anayemchezea. Serikali ilizindua mpango 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa duniani, huwa kuna chanjo za bure au za bei ya chini. Ulizeni chuo kikuu pale Kabete na KSPCA, wale watetezi wa wanyama, kule Karen mapema, foleni huwa ndefu na imejaa mbwa, kwa hivyo paka awe ndani ya kibebeo chenye mlango.

Na akikuuma paka usiyemjua: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama paka atageuka.

#45 Jirani_Mnoma
Kuna na ile soo mbili ya kaunti, mnaikumbuka? Mswada wa 2024: kila mwenye paka Nairobi aandikishe, alipe 200 kwa mwaka, aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa. Na paka asipige kelele za kusumbua amani.

#46 Mkurugenzi_wa_Panya
Paka shume wa Umoja saa nane usiku juu ya mabati, atamkamata askari gani wa kanjo?

#47 Mzee_wa_Buru
Wangu hawana kitambulisho, nilishasema.

#48 Shiko_anahama
Naomba msaada, niko kwenye maandalizi ya kuhamia Uingereza na paka wangu. Amechanjwa kichaa mwezi uliopita, mikrochipi naweka wiki ijayo. Niko sawa?

#49 Dawa_na_Friji
Hapana dadangu, umegeuza. Mikrochipi kwanza, au siku hiyo hiyo kabla ya sindano. Kichaa kilichodungwa kabla ya chipi hawakihesabu, utadungisha tena. Kenya haiko kwenye orodha yao ya nchi rahisi, kwa hivyo: chipi ya tarakimu 15, chanjo ya kichaa, ngoja angalau siku 30, damu itolewe ipelekwe maabara inayotambuliwa, kipimo cha kingamwili za kichaa kifike angalau 0.5 IU/ml, kisha ungoje miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa. Ndipo karatasi za daktari wa serikali. Nchi za Umoja wa Ulaya karibu ni hivyo hivyo. Usinunue tiketi ya paka leo.

#50 Shiko_anahama
Nimeshanunua yangu.

#51 Jirani_Mnoma
Paka akija atakuta umeshazoea baridi.

#52 Nyaboke_Kasarani
Nimerudi. Nimepanga hivi, nikosoeni: wiki hii dawa ya minyoo na tatu-kwa-moja ya kwanza. Wiki ya 13 ya pili. Wiki ya 16 au 17 ya tatu pamoja na kichaa. Miezi sita nyingine ya tatu-kwa-moja, na kuhasiwa hapo hapo, nilipie safari moja. Kichaa tena baada ya mwaka. Na chanjo ya lukemia je?

#53 Mwalimu_Wafula
Kuhasiwa usingoje miezi sita. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano. Na madume wa Kasarani wanapanda wavu.

#54 Shangazi_Njoki
Kichaa na tatu-kwa-moja siku moja ni kumchosha mtoto. Tenganisha wiki mbili.

#55 Sindano_Kabete
Shangazi, zinaweza kwenda siku moja, sehemu mbili tofauti za mwili. Akilala mchana kutwa na kususia chakula kidogo ni kawaida. Uso ukivimba au akihema kwa shida, rudi kliniki mara moja, kwa hivyo dunga asubuhi, si jioni ya Jumamosi.

Lukemia: apimwe damu kwanza. Kwa kipaka chini ya mwaka mwongozo unaipendelea, mama yake hujui alikuwa na nini. Akikua peke yake ndani unaweza kuiacha. Mwalimu yuko sawa kwa kuhasiwa.

#56 Shangazi_Njoki
Mimi wangu nitatenganisha.

#57 Nyaboke_Kasarani
Basi kuhasiwa akiwa mwezi wa tano wa umri wake. Na viroboto? Nimeona ya mbwa ni bei nusu.

#58 PakaShume
USIGUSE YA MBWA. Nyingi zina permethrini, paka anatetemeka mpaka anakufa. Hata panadoli usimpe.

#59 Roysambu_Boy
Mimi nina paka wa basement, namlisha tu, lakini nataka kumsaidia kabla hajaleta familia. Tumbo naona limekua. Nimpeleke adungwe tatu-kwa-moja wiki hii?

#60 Sindano_Kabete
Kama ana mimba asipewe ile ya virusi hai. Kirusi cha panlukopenia, hata kilichofifishwa, kinaweza kuharibu ubongo mdogo wa watoto tumboni, wakazaliwa wakitembea kwa kuyumba maisha yao yote. Na watoto wenyewe wasipewe hai kabla ya wiki nne. Mwambie daktari mapema, aangalie kwanza ni mimba au ni minyoo.

#61 Roysambu_Boy
Na kama ni omena tu? Anakula sana huyu.

#62 Sindano_Kabete
Atapapaswa tumbo, itajulikana. Ila mlete ndani ya kitu kinachofungwa. Wiki hii tulipokea mmoja ndani ya kiondo, na mpaka leo yuko juu ya dari.